Dar es Salaam Inalisha kwa Saa: Mafunzo Niliyopata Mezani

Kazi yangu ni kusambaza vipuri vya pikipiki na bajaji. Asubuhi niko Vingunguti, mchana Gerezani, jioni nimeshafika Mbagala au Tegeta, na chakula cha nyumbani nakutana nacho usiku, tena si kila usiku. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wetu tunatoka majumbani alfajiri jiko halijawashwa. Tunalishwa na barabara. Nilichokuja kukielewa ni kwamba mtu anayeuliza "tule wapi?" anaanza na swali la pili. La kwanza ni "sasa hivi saa ngapi?" Kila chungu cha jiji hili kina saa yake, na ukikikuta kwa wakati wake utakula vizuri hata kama umekaa kwenye benchi la mbao.

1. Supu ni ya asubuhi, basi

Vingunguti kuna machinjio, ndiyo maana supu ya huko inasifiwa: mfupa, utumbo na makongoro havisafiri mbali kabla ya kuingia chunguni. Saa kumi na mbili na nusu mchuzi bado ni mzito, mafuta yanaelea, chapati zinatoka kikaangoni. Kamulia ndimu, tia pilipili, kunywa ingali ya moto. Ikifika saa nne, chungu kimeshaongezwa maji mara kadhaa na nyama iliyobaki ni ya kutafuta. Anayekuuzia supu saa sita mchana hakuibii, ila anakuuzia kumbukumbu ya supu.

2. Mchana wafuate mafundi

Fundi wa gereji anapasua chuma tangu asubuhi. Ana njaa ya kweli na pesa ya kuhesabu, na mahali anapokula kila siku pamekwisha kupimwa. Gerezani, kwenye kelele za kuchomelea na nyundo, kuna mama ntilie ambaye nimemfuata kwa miaka. Anapikia mkaa. Wali wake wa nazi ukikaribia kukauka anaufunika kwa karatasi ya nailoni, anaweka mfuniko, kisha anachota makaa kwa koleo na kuyapalia juu, moto chini na moto juu. Anapunguza makaa ya chini kwa mkono ulionyooka, uso ameugeuza pembeni. Hana saa, lakini anajua. Akifunua, punje zimeachana na harufu inafika kwa wachomeleaji kabla hajamwita mtu.

"Mwanangu, ugali tayari, wali dakika kumi," ananiambia. "Kaa hapo, usije ukaenda kula mikate."

Pembeni ya sufuria ana daftari la waliokopa. Vijana wa kupakia mizigo wanakula Jumatatu na kulipa wakilipwa. Sahani yake ina wali au ugali, maharage, mchicha, kipande cha nyama au samaki, na mchuzi unaongezwa bila malipo ukiomba kwa adabu. Kufanya hivyo kila siku, kwa bei ambayo kibarua anaimudu, huku mkaa na mafuta ya kupikia vikipanda, ni kazi ya hesabu kali kuliko ninayofanya mimi na vipuri vyangu.

Oktoba 2021 wamachinga na mama lishe waliondolewa kando ya barabara nyingi za jiji na kuelekezwa maeneo mengine. Naelewa kwamba njia za waenda kwa miguu zilikuwa zimezibwa. Lakini chakula cha mchana kina nusu saa tu ya mapumziko ya fundi. Ukimhamisha mama umbali wa dakika kumi na tano, fundi hawezi kwenda, kula na kurudi. Niliona wanawake hodari wakirudi nyumbani na sufuria zilizojaa, na niliona vibarua wakishinda kwa soda na andazi. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu lingeweza kupangwa vizuri zaidi kwa kuwauliza wanaokula.

3. Samaki wa Feri hangoji

Soko la Feri, pale Magogoni, lina asubuhi yake na mchana wake. Asubuhi ni ya mnada: vyombo vimeingia na wachuuzi wanapandishiana bei juu ya changu, kolekole, jodari, vibua na pweza. Huwezi kula hapo wakati huo, utakanyagwa. Nenda baadaye kidogo, upande wa wakaangaji. Samaki mzima anatumbukizwa kwenye karai kubwa mbele ya macho yako, unapewa ndimu, chumvi na pilipili, na ugali ukitaka. Mtazame samaki kabla hajakaangwa: jicho angavu, shavu jekundu. Aliyekwisha kukaangwa tangu jana ni mkavu na mweusi pembeni, mwache apite.

4. Tazama ndoo kabla ya sahani

Hili silifanyii mzaha. Kipindupindu kililipuka jijini Agosti 2015, na wauza chakula waliokuwa na maji yanayotiririka, sabuni na vyombo vilivyofunikwa waliingizwa kapu moja na wasiojali. Mimi naangalia kwanza vyombo vinapooshewa, kisha ndiyo naangalia sufuria. Juisi ya miwa nainywa ikikamuliwa nikiona, pamoja na ndimu na tangawizi, ila barafu naikataa kwa kuwa sijui maji yake. Dafu halina wasiwasi: linakatwa mbele yako juu ya baiskeli, nawe unachagua la maji matupu au lenye nyama laini ya kukomba.

5. Kahawa ni ya jioni na inakuja na watu wake

Alasiri ikipoa, Kariakoo vijiwe vya kahawa vinajaa. Birika liko juu ya makaa, vikombe vidogo vinasuuzwa kwenye ndoo, kashata ya karanga inauzwa kando. Kahawa ni chungu na haina sukari, kashata ndiyo sukari yake. Timu ya soka ya Simba ina makao yake Mtaa wa Msimbazi na mahasimu wao Yanga wako Jangwani, mwendo wa miguu tu kati yao, kwa hiyo ukikaa kijiweni ujue kwanza umekaa kwa nani. Nimepata wateja wengi zaidi hapa kuliko ofisini. Mtu akikuona unasikiliza wazee bila haraka, anaanza kukuamini.

6. Nyama choma: chagua ndipo ukae

Wengi wanaingia baa, wanaagiza bia, halafu wanakumbuka nyama saa moja baadaye. Fanya kinyume. Nenda moja kwa moja kwa mchoma nyama, onyesha kipande unachotaka, mbavu au paja, kipimwe mbele yako. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, vivyo hivyo: Sinza wenyeji wanapiga simu kabla hawajatoka kazini. Ndizi za kuchoma agiza mapema, ndizo zinazoisha kwanza.

7. Magharibi, nenda Uhindini

Kisutu na mitaa ya jirani jua likizama inanukia makaa. Mishkaki inapepewa barazani, kuku wanageuzwa, mikate inatoka moto, chatine ya ukwaju na ya nazi zimo kwenye bakuli. Hapo nimeona familia ya Kihindi, madereva wa bajaji na wanafunzi wa chuo wamebanana meza moja. Ukipenda kitu chepesi, tafuta urojo wa Kizanzibari: bagia, viazi, mishkaki na mihogo mikavu juu ya mchuzi wa njano wenye uchachu.

8. Usiku wa manane ni zege

Zege, yaani chipsi mayai, ndicho chakula cha mwisho cha jiji. Swali ni moja: viazi ni vya sasa au vya kabatini? Kijana mzuri atakwambia mwenyewe, "Anko, nikukaangie vipya? Utasubiri." Subiri. Anaweka viazi kikaangoni, anapiga mayai mawili kwenye kikombe, anamwaga kuzunguka, anangoja kingo zishike, kisha anafunika kwa sahani na kugeuza kwa mkupuo mmoja.

9. Ramadhani saa zote zinageuka

Supu ya asubuhi inatoweka au inahamia nyuma ya pazia. Mama ntilie wengi wanaanza kupika alasiri. Kuanzia saa kumi na moja meza zinapangwa kando ya njia: kaimati, sambusa, tambi, magimbi, mihogo ya nazi, uji wenye pilipili manga. Ununuzi wote unafanyika ndani ya saa moja na foleni ya magari inakuwa mbaya kuliko siku yoyote, kwa hiyo mzigo wangu wa mwisho naupeleka kabla ya saa kumi. Baada ya tarawehe Kariakoo inaamka upya, na usipopata ulichotaka magharibi, saa nne usiku utakipata, cha moto, hadi daku.