SOMO: GESI YA KUPIKIA KUTOKANA NA SAMADI NA MABAKI YA CHAKULA



Akina mama na dada zetu wanazijua hatari za kufuata kuni porini. Ng'ombe wachache wanaotunzwa zizini wanaweza kupunguza safari hizo. Somo hili ni kwa vikundi vyenye mtambo wa gesi ya samadi, au vinavyokusudia kujenga.

Gesi hutokeaje?

Samadi mbichi ikichanganywa na maji na kufungiwa ndani ya tangi lisilopitisha hewa, vijidudu vilivyotoka tumboni mwa ng'ombe huendelea kuila na kutoa gesi inayowaka, iitwayo methani. Katika nchi zetu zenye joto, kilo 1 ya samadi hutoa lita 40 hivi za gesi. Ng'ombe 3 wa zizini hutoa karibu kilo 30 kwa siku. Hizo ni lita 1,200, za kutosha jiko moja kwa saa 3 hivi.

Kwa nini kuongeza makombo?

Ng'ombe amekwisha kula nguvu nyingi ya majani yake. Makombo ya ugali, wali na viazi bado yana nguvu hiyo, kwa hiyo kilo 1 ya makombo hutoa gesi nyingi kuliko kilo 1 ya samadi. Lakini makombo huchachuka upesi. Yakizidi, tangi huwa chachu na vijidudu hufa. Ndoo moja iliyotupwa ovyo na nyumba moja inaweza kuzima majiko ya kikundi kizima.

Fuateni hatua hizi:

1. Anzeni na samadi tupu, ndoo 1 kwa ndoo 1 ya maji. Ondoeni mchanga, mawe na majani marefu.
2. Gesi ikiwaka vizuri, tieni sehemu 1 ya makombo kwa sehemu 10 za samadi.
3. Ongezeni kidogo kidogo kila wiki. Msizidi sehemu 1 kwa sehemu 3.
4. Pondeni makombo na maganda kwanza. Msitie mifupa, sabuni, dawa wala plastiki.
5. Lisheni kila siku. Makombo ya harusi yasitiwe yote siku moja.

Dalili za tangi kuchachuka

Moto hufifia, au gesi hujaa lakini haiwaki, na tope hunuka uchachu. Acheni makombo mara moja. Endeleeni na samadi kidogo na maji mpaka moto urudi.

HADHARI

- Gesi ya kwanza imechanganyika na hewa na yaweza kulipuka. Iachieni itoke nje, mbali na moto.
- Usiwashe kiberiti wala sigara karibu na tangi.
- Ukisikia harufu ya yai viza jikoni, funga koki, fungua milango, toka nje.
- Usiingie kamwe ndani ya tangi, hata kumwokoa mwenzako. Gesi hiyo huua kwa dakika chache.

Tope linalotoka ni mbolea nzuri. Litieni kwenye udongo wa bustani, si juu ya majani ya mboga.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Nani atapima makombo kila siku kabla hayajatiwa?
2. Moto ukififia leo, mtaacha kutia nini kwanza?
3. Mtawazuiaje watoto wasicheze karibu na tangi?