HADHIRA KAMA HAKIMU: MAONI YA MASHABIKI WA MIELEKA YA TNA KATIKA MWANGA WA FASIHI SIMULIZI

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maoni ya mashabiki wa Total Nonstop Action (TNA), kampuni ndogo ya mieleka ya runinga iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka wa 2002. Hoja kuu ni kwamba maoni hayo si makelele ya ukumbini tu, bali ni uhakiki unaotolewa ndani ya utendaji wenyewe. Kwa kutumia dhana za fanani, hadhira na utendaji, pamoja na dhana ya upeo wa matarajio, makala yanaonyesha kuwa hadhira ya TNA ilitoa hukumu katika viwango vitatu: mtendaji, mtunzi na jukwaa. Aidha, yanabainisha mipaka ya hukumu hiyo pale ambapo sanaa inamilikiwa na mtu asiye fanani wala hadhira.

1.0 Utangulizi

Mieleka ya kulipwa ina sifa moja inayoitenga na michezo mingine ya ushindani: matokeo yake hupangwa kabla ya pambano. Wanamieleka huumia kweli na huanguka kweli, lakini mshindi huwa ameteuliwa na mtunzi wa visa. Mfaransa Roland Barthes, katika kitabu chake Mythologies cha mwaka wa 1957, alisisitiza kuwa mieleka ya aina hii ni onyesho wala si mchezo, na kwamba mtazamaji hajali kama pambano limepangwa au la. Kinachomshughulisha ni kile anachokiona na maana anayoipata.

Ikiwa hali ni hiyo, basi maoni ya shabiki wa mieleka hayalingani na ya shabiki wa kandanda. Shabiki wa kandanda hulalamika kuwa timu yake imeshindwa. Shabiki wa mieleka, kwa upande mwingine, hulalamika kuwa kisa kimeharibiwa, kwamba mhusika fulani hakustahili kushinda, au kwamba tamati haikuandaliwa ipasavyo. Haya ni maswali ya mhakiki wa fasihi: ploti, uhusika na usadikikaji. Kwa bahati mbaya, wahakiki wengi wa fasihi simulizi wameyaacha maonyesho ya runinga kwa wanahabari, kana kwamba hadhira hukoma kuwa hadhira pindi kamera inapowashwa.

TNA imeteuliwa kwa sababu ni kampuni ndogo. Shabiki wa kampuni kubwa kama WWE hana shaka kuwa itakuwepo mwaka ujao. Shabiki wa kampuni ndogo hukaa na wasiwasi huo kila juma, na kwa hiyo kila onyesho analipima kwa mizani miwili: Je, ni zuri? Na je, litatuhifadhia kampuni yetu?

2.0 Msingi wa Kinadharia

Wataalamu wa fasihi simulizi wamekubaliana kwa muda mrefu kuwa utanzu simulizi haukamiliki bila hadhira. Ruth Finnegan, katika Oral Literature in Africa (1970), alitilia mkazo utendaji na mazingira yake kama sehemu ya kazi yenyewe. Katika ufundishaji wa fasihi nchini Kenya, hadhira aghalabu hugawanywa katika makundi mawili: hadhira tendi, inayoshiriki kwa kuimba, kupiga makofi na kuitikia, na hadhira tuli, inayotazama na kusikiliza tu. Mtambaji anaposema "Paukwa!" na wasikilizaji wakaitikia "Pakawa!", hadhira imeidhinisha utambaji uanze. Wasipoitikia, fanani huwa hana ngano.

Dhana ya pili ni upeo wa matarajio, ambayo inahusishwa na Mjerumani Hans Robert Jauss, mmoja wa waasisi wa nadharia ya upokezi. Kwa mujibu wa Jauss, mpokezi huijia kazi akiwa na matarajio yaliyojengwa na kazi alizozijua awali. Thamani ya kazi hujitokeza katika uhusiano wake na matarajio hayo: kuyatimiza, kuyapanua au kuyavunja.

3.0 TNA na Hadhira Yake

Mwaka wa 2001 uliwaacha mashabiki wengi wa mieleka wa Marekani mayatima. WWF, ambayo baadaye iligeuka kuwa WWE, ilinunua kampuni ya WCW mnamo Machi, na mwezi uliofuata ECW ikawasilisha ombi la kufilisika. Ni katika pengo hilo ambapo Jeff Jarrett na babake, Jerry Jarrett, walianzisha TNA. Onyesho la kwanza lilifanyika Juni 19, 2002 mjini Huntsville, Alabama. Baadaye maonyesho yalihamia Nashville, Tennessee, na kwa takriban miaka miwili yalirushwa kila juma kwa watazamaji waliolipia kila onyesho. Kampuni ya nishati ya Panda Energy ilinunua hisa nyingi mwaka huo huo wa 2002, na Dixie Carter akawa rais wa TNA mwaka uliofuata.

Kipindi cha Impact kilianza kurushwa na Fox Sports Net mnamo Juni 2004, kisha kikahamia Spike TV mnamo Oktoba 2005. Kilirekodiwa katika studio za Universal mjini Orlando, Florida, mahali ambapo watazamaji waliingia bila malipo. Jambo hili lina uzito. Ukumbini walichanganyika watalii waliopita tu na mashabiki sugu waliorudi kila rekodi. Hawa wa pili ndio waliokuwa viongozi wa viitikio. Walijua wakati wa kusifu na wakati wa kukemea, na wageni wakafuata, kama vile watoto wapya katika utambaji wanavyojifunza kuitikia kwa kuwasikiliza wenzao.

4.0 Viwango vya Hukumu

4.1 Hukumu juu ya Mtendaji

Upeo wa matarajio wa mashabiki wa TNA ulijengwa hasa na kitengo cha X. Tofauti na vitengo vya wanamieleka wepesi kwingineko, kitengo hiki hakikuweka kikomo cha uzani. Kilichohitajika ni kasi, wepesi wa kuruka na ubunifu. AJ Styles alikuwa bingwa wake wa kwanza mwaka wa 2002. Mnamo Septemba 11, 2005, katika onyesho lililoitwa Unbreakable, Styles, Christopher Daniels na Samoa Joe walipambana kwa pamoja kuwania ubingwa huo. Mwanahabari Dave Meltzer, ambaye tathmini zake huheshimiwa sana na mashabiki, alilipa pambano hilo nyota tano.

Kutokana na utendaji wa aina hiyo, mashabiki walijenga msimamo uliodumu: TNA ina thamani pale inapowapa nafasi watendaji wake yenyewe, na inajidhalilisha inapowatanguliza wakongwe waliotoka katika kampuni kubwa. Msimamo huu haukuwa wa kibaguzi kabisa. Mkongwe aliyejituma alisifiwa kwa kiitikio cha kumwambia kuwa bado uwezo anao. Aliyekataliwa ni yule aliyedai heshima kwa jina la jana.

Historia imeuthibitisha uamuzi huo. Styles aliondoka TNA baada ya mwaka wa 2013, akajiunga na WWE mnamo Januari 2016, na kutwaa ubingwa wa WWE mnamo Septemba 11, 2016, miaka 11 kamili baada ya Unbreakable. Hadhira ndogo ilikuwa imeona mapema kile ambacho hadhira kubwa ilikuja kukishangilia baadaye.

4.2 Hukumu juu ya Mtunzi

Kiwango cha pili ndicho chenye mvuto mkubwa zaidi kwa mwanafunzi wa fasihi. Vince Russo alirejea katika kikosi cha utunzi cha TNA mwaka wa 2006. Mnamo Aprili 15, 2007, katika onyesho la Lockdown lililofanyika St. Charles, Missouri, watazamaji waliambiwa kuwa kizimba cha chuma kilichozunguka ulingo kilikuwa kimetiwa umeme. Wengi hawakushawishika. Walianza kuimba kwa pamoja wakitaka Russo afutwe kazi.

Tukio hili linastahili kutafakariwa. Russo hakuwa ulingoni. Hakuwa mhusika katika pambano lile. Hadhira iliwapita watendaji waliokuwa mbele yake na kumwendea mtunzi aliyejificha nyuma ya pazia. Katika ngano, fanani aghalabu ndiye mtendaji na msanii kwa pamoja; lawama ikitolewa, mlengwa yupo. Katika tamthilia iliyoandikwa, mtazamaji asiyeridhika huondoka au huandika tahakiki kesho yake. Hadhira ya TNA ilifanya jambo la tatu: ilitoa tahakiki papo hapo, ikimtaja mtunzi kwa jina, huku kazi ikiendelea.

Isitoshe, hadhira hiyo haikupinga ubunilizi kwa kuwa ni ubunilizi. Kila aliyekuwa ukumbini alijua kuwa mieleka ni kisa kilichotungwa. Kilichopingwa ni ubunilizi uliovunja mapatano. Sungura wa ngano anaweza kumhadaa simba bila msikilizaji kunung'unika, kwa sababu ulimwengu wa ngano una kanuni zake. Mtunzi akizikiuka kanuni alizoziweka mwenyewe, msikilizaji ana haki ya kusema, "Hapana."

4.3 Hukumu juu ya Jukwaa

Tangu Juni 2004, TNA ilitumia ulingo wenye pembe sita badala ya nne. Kwa mashabiki, pembe hizo zilikuwa nembo ya utambulisho: ukifungua runinga, ulijua mara moja kuwa hutazami WWE.

Mnamo Januari 4, 2010, Hulk Hogan, nyota mashuhuri zaidi wa mieleka wa miaka ya 1980, aliingia TNA katika kipindi maalum cha Jumatatu usiku kilichoshindana moja kwa moja na kipindi cha Raw cha WWE. Pambano la kwanza la usiku huo, la kitengo cha X, lilikatizwa bila mshindi, na hadhira ikaimba matusi ya kulikataa. Siku 13 baadaye, katika onyesho la Genesis, mashabiki waliingia ukumbini wakakuta ulingo wa pembe nne. Waliimba wakidai pembe sita. Hogan aliwajibu akitetea badiliko hilo.

Mantiki ya wamiliki ilikuwa ile ya "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mantiki ya mashabiki ilikuwa "Usiache mbachao kwa msala upitao." Methali hizi mbili zinafupisha mgogoro mzima. Wamiliki waliuona ulingo wa pembe sita kama kizuizi cha kuwafikia watazamaji wapya. Mashabiki waliuona kama ithibati kuwa kampuni yao haikuwa kivuli cha nyingine. Pembe sita zilirudishwa mwaka wa 2014 baada ya mashabiki kupigiwa kura swali hilo, kisha zikaondolewa tena mwanzoni mwa 2018.

5.0 Mipaka ya Hukumu ya Hadhira

Itakuwa kosa kudai kuwa mashabiki walikuwa sahihi katika kila jambo. Kwanza, waliokuwa ukumbini hawakuwa hadhira nzima. Kipindi cha Januari 4, 2010 kilitazamwa na watu zaidi ya milioni 2, idadi kubwa kuliko zote ambazo TNA ilikuwa imewahi kupata. Watazamaji wa nyumbani hawakuwa na kiitikio. Sauti yao ilikuwa kidude cha kubadilishia stesheni. Hata hivyo, sauti hiyo nayo ilitoa uamuzi. TNA ilihamia Jumatatu mnamo Machi 2010, watazamaji wakapungua, na kufikia Mei ikarejea Alhamisi.

Pili, hadhira hulihukumu jukwaa lakini hailiangukii. Baadhi ya wanamieleka walilalamika kuwa ulingo wa pembe sita ulikuwa mgumu zaidi kwa miili yao. Nembo iliyopendwa na mtazamaji iligharimiwa na mgongo wa mtendaji. Mhakiki anayeitetea hadhira hana budi kulikumbuka hili.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, runinga huibadilisha sauti ya hadhira. Mtambaji wa ngano akizomewa, hubadilisha mkondo wa hadithi usiku huo huo. Katika TNA, kelele za kupinga zilirekodiwa, zikarushwa hewani na kuuzwa kama sehemu ya msisimko wa onyesho. Shabiki aliyelipa ili aingie St. Charles alikuwa amekwisha kulipia kile alichokuwa akikikataa. Sauti ilisikika, lakini kusikika si kusikilizwa.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa mgawanyo wa hadhira tendi na hadhira tuli hautoshi kuieleza hadhira ya TNA. Ipo haja ya kuongeza aina ya tatu, hadhira hakimu: ile inayoshiriki katika utendaji na wakati uo huo kutoa uamuzi juu ya mtendaji, mtunzi na jukwaa. Hadhira hii huwa na nguvu zaidi katika vikundi vidogo, kwa kuwa humo ndimo kila mshiriki huhisi kuwa kunyamaza kwake kunaweza kuizika sanaa.

Mnamo Oktoba 2023, kampuni hiyo, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa ikiitwa Impact Wrestling, ilitangaza kuwa ingerejelea jina la TNA, na ikafanya hivyo Januari 2024. Wamiliki walikuwa wamebadilika, wanamieleka wengi wa mwanzo walikuwa wameondoka, na stesheni za runinga zilikuwa zimepishana. Waliolihifadhi jina hilo muda wote huo ni wale waliokuwa wakiliimba ukumbini, na ambao hawakuwa na hisa hata moja ya kampuni. Watafiti wa Kiswahili wanahimizwa kuzielekeza nadharia za fasihi simulizi kwenye maonyesho ya aina hii, ya humu nchini na ya kwingineko, na kuuliza swali ambalo ngano haikuhitaji kuuliza: fanani na hadhira wanapokuwa wameitengeneza sanaa pamoja, ni nani mwenye haki ya kuibadilisha?