Ahadi Isiyokanika: Somo la Usalama wa Taarifa kwa Wakazi wa Mpakani

Tarehe 20 Septemba 1976, hapa Gisenyi, wakuu wa nchi za Rwanda, Burundi na Zaire walitia sahihi mkataba ulioanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL. Novemba mwaka huohuo uongozi wa Burundi ulibadilika. Hata hivyo mkataba ulibaki kuwa wa Burundi, kwa kuwa sahihi ilikuwapo na wenzake walikuwapo ilipotiwa.

Katika elimu ya usalama wa taarifa, sifa hiyo huitwa kutokanika. Haina maana kwamba mtu hawezi kukana. Kukana ni kazi ya ulimi, na ulimi hauna mfupa. Maana yake ni kwamba akikana, ushahidi uliobaki humshinda mbele ya mtu wa tatu ambaye hakuwapo.

Tuliangalie jambo hili pale Petite Barrière. Mama mchuuzi humkabidhi mteja wa Goma magunia matatu ya karoti kwa mali kauli, kisha huandika deni katika daftari lake. Siku ya malipo mteja anasema alichukua mawili. Daftari lina mwandiko wa nani? Wa mdai mwenyewe. Hiyo ni kumbukumbu yake, wala haimfungi mwingine. Lau mdaiwa angetia sahihi au dole gumba kando ya idadi na tarehe, na kila mmoja akabaki na nakala, shauri lingekuwa jingine kabisa.

Simu nayo ina mitego yake. Muamala wa fedha huthibitishwa kwa namba ya siri, na nguvu ya namba hiyo yatokana na kujulikana na mtu mmoja tu. Ukimpa mwanao, shemeji au wakala, muamala utaendelea kuandikwa kwa jina lako, na mzigo wa kueleza utakuwa wako. Nawe ukidai kuwa fulani ndiye aliyetuma, atajibu kwamba hata wewe waijua namba. Siri ya watu wawili haimtambulishi yeyote kati yao.

Udhaifu huo ndio uliowashughulisha Whitfield Diffie na Martin Hellman huko Marekani, ambao mwaka uleule wa 1976 walichapisha wazo la funguo mbili zinazohusiana: mmoja wa siri, wa kutilia sahihi, na mwingine wa wazi, ambao yeyote aweza kuutumia kuihakiki. Tarakimu moja ya hati ikibadilishwa, sahihi haikubali tena. Bado lazima awepo mdhamini anayeaminika wa kushuhudia kwamba ufunguo ule wa wazi ni wa fulani. Rwanda ilitunga sheria ya ujumbe, sahihi na miamala ya kielektroniki mwaka 2010.

Ujumbe unaosema "umepokea faranga" si malipo, kwani maneno hayo yeyote aweza kuyaandika. Tazama salio lako kabla ya kuachia mzigo. Kilicho na uzito ni namba ya muamala, kwa sababu huelekeza kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu, ambayo haina upande katika ugomvi wenu. Lakini kumbukumbu hizo huonyesha tu kwamba fedha zilihama. Hazisemi kama zilikuwa deni, zawadi au malipo ya karoti. Kwa hiyo mwombe mdaiwa akuandikie kwa simu yake mwenyewe: nimepokea magunia matatu, nitalipa kiasi hiki, Ijumaa. Sentensi hiyo ni fupi, na wengi huona haya kuiomba kwa mteja wa miaka mingi.

Ikumbukwe pia kuwa laini iliyosajiliwa ng'ambo ya mpaka kumbukumbu zake zimo ng'ambo, na kuzipata huhitaji ushirikiano wa vyombo vya nchi mbili. Deni la kawaida kati ya majirani wa upande huu si jinai. Mashauri madogo ya namna hiyo husikilizwa na abunzi. Panapokuwa na udanganyifu au wizi wa namba ya siri, njoo kituoni mapema, uje na simu yenyewe, ujumbe wote ukiwa haujafutwa. Picha ya kioo cha simu husaidia kueleza, ila huweza kughushiwa, na afisa atakuomba namba ya muamala.