Mchango wa shule ni amana, uandikwe

Ndugu Waislamu, shule ya kata inajengwa na nani? Tutazame Kamuli, wilayani Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ushuru wa kahawa unalipwa na mnunuzi, lakini mzigo humrudia mkulima kwenye bei. Mwaka 2017 ushuru huo ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Unaingia halmashauri, katika mfuko wa kata zote. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika sekondari za serikali ilifutwa mwaka 2016, lakini darasa likipungua, vijiji huombwa tena mchango.

Mimi sipingi kuchangia pamoja. Kijiji kimoja hakiwezi kujenga maabara peke yake. Ninachopinga ni mchango usio na hesabu. Aliye mbali na shule atoe, lakini aone kwenye ubao wa matangazo: kila kijiji kimetoa kiasi gani, na kimejenga nini. Suratul Baqara aya ya 282 imetuagiza kuandika deni la mtu mmoja, seuze fedha ya umma? Nasi wa mijini tudai hivyo hivyo kwenye mitaa yetu.