Kiongozi Anaposikia Manung'uniko



Wengi wetu tutatoka chuoni tukapewa ofisi, shule au kamati za kuongoza. Kiongozi afanye nini anapoambiwa kuwa watu wake wananung'unika? Katika sira, naliona jibu katika siku zilizofuata vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria.

Mtume (S.A.W.) aliwapa ngawira nyingi wakuu wa Makureshi na wa makabila mengine waliosilimu karibuni. Abu Sufyan peke yake alipata ngamia 100. Answari hawakupata kitu, wakaumia, na maneno yakaanza kupita chini kwa chini. Saad bin Ubada (R.A.) akaenda kumweleza Mtume. Alipoulizwa yeye yuko upande gani, hakuficha: alijibu kuwa ni mmoja wa watu wake. Mtume alimwambia awakusanye Answari, akawaendea.

Hapa najifunza mambo matatu.

Kwanza, Saad alisema ukweli na hakuadhibiwa. Mahali pa kazi ambapo msema kweli hunyimwa likizo au huhamishwa, mkuu huwa wa mwisho kujua yanayoharibika.

Pili, Mtume aliyataja mwenyewe ambayo Answari wangeweza kuyasema, na wangekuwa wakweli: kwamba aliwajia akiwa amekadhibishwa wakamwamini, na amefukuzwa wakampa makazi. Hakuyadogosha maumivu yao.

Tatu, alieleza sababu. Mali ile ilikuwa ya kuzivuta nyoyo za waliosilimu karibuni; Answari aliwategemea kwa imani yao. Mgao haukubadilika. Aliwauliza kama hawaridhiki wengine warudi makwao na kondoo na ngamia, na wao warudi na Mtume wa Allah. Walilia hadi ndevu zikalowa, wakasema wameridhika.

Lakini tusikifanye kisa hiki kuwa mbinu ya kuwatuliza watu kwa maneno matamu huku mishahara yao imezuiwa. Mtume aliitimiza ahadi yake: alirudi Madina, akaishi huko, na huko ndiko alikozikwa. Kiongozi anayesikiliza vizuri kikaoni kisha asitimize alichoahidi, watu watanyamaza siku hiyo, na kikao kijacho hawatakuja.

Allah atujaalie viongozi wenye nyoyo laini na ahadi za kweli. Amin.