SOMO LA ZANA: CHAMBO CHA PLASTIKI LAINI KATIKA UVUVI WA BAHARINI



Huenda msomaji wa Nachingwea au Ruangwa akashangaa kukuta somo la uvuvi wa baharini katika kurasa za wakulima wa korosho, ufuta na mbaazi. Wilaya zetu hazina pwani. Lakini maji ya nchi yetu hushuka kwa mito ya Lukuledi na Mbwemkuru hadi baharini, na samaki hupanda kwa njia ya kinyume, kutoka Lindi na Kilwa, wabichi wenye barafu, waliokaangwa, na ng'onda. Isitoshe, baada ya malipo ya korosho wapo wanachama wanaoshirikiana na ndugu zao wa pwani kununua chombo au zana, na maombi ya fedha huishia mezani kwa katibu. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya katibu aliyeletewa karatasi isemayo "chambo cha plastiki, paketi 200", naye hajapata kukishika kitu hicho mkononi.

Chambo hicho ni kipande cha plastiki iliyolainishwa, chenye umbo la dagaa, kamba, ngisi au mnyoo. Hakina ladha ya nyama. Samaki hukifuata kwa sababu kinatikisika majini kama kiumbe aliye hai. Kilianzia Marekani mwaka 1949, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, ambako Nick Creme na mkewe Cosma walimimina plastiki iliyoyeyushwa katika kalibu ya mnyoo ili kuvulia samaki wa maziwa. Wazo lenyewe si geni kwetu. Wavuvi wa pwani wamefunga manyoya ya kuku kwenye ndoana na kuyaburuta nyuma ya ngalawa tangu zamani, na nguru amenaswa kwa unyoya kabla ya plastiki kufika.

Kosa la kwanza la mnunuzi ni kuchagua kwa jicho lake mwenyewe. Dukani chambo chenye rangi nyingi na macho ya kung'aa humpendeza mtu, lakini mteja tunayemtafuta yumo chini ya maji. Maswali ya kuuliza ni haya: ni samaki gani, yuko kina gani, na maji yakoje?

Tuanze na samaki. Chambo hiki humfaa samaki anayewinda wenzake: chewa, kolekole, songoro, mzia, nguru na baadhi ya changu. Tasi na pono, ambao hula majani na kukwangua miamba, hawakijali. Mkizi naye vivyo hivyo. Basi kikundi ambacho mapato yake mengi hutokana na tasi kisipewe hata paketi moja. Mzia na nguru hukipenda mno, lakini meno yao hukikata mara moja. Kwao pawepo kipande cha waya kati ya mshipi na ndoana, tena afadhali mvuvi arudi kwenye manyoya, ambayo huvumilia zaidi. Bunju ndiye adui mkubwa. Hung'ata mkia kidogo kidogo bila kunasa, na mvuvi hupandisha kiwiliwili kisicho na mkia akidhani amekosa bahati.

Kuhusu umbo, mkia ndio mtendaji wa kazi. Mkia bapa hutikisika hata chambo kikivutwa polepole, nao hufaa katika maji ya tope. Mkia uliojikunja kama mundu hucheza wakati chambo kinaposhuka. Chambo kisicho na mkia hakifanyi lolote chenyewe. Uhai wake hutoka katika mkono wa mvuvi, kwa hiyo kwa anayejifunza si chaguo jema. Rangi huja baadaye. Wakati wa kaskazi, bahari inapotulia na maji kuwa meupe, rangi hafifu zinazofanana na dagaa hutosha. Masika, Lukuledi inapoingiza tope katika ghuba ya Lindi, rangi nyeusi au ya kukoza huonekana vizuri zaidi, na vilevile alfajiri na magharibi, kwani samaki aliye chini hutazama juu na kuona kivuli tu.

Uzito una maana kuliko rangi, na hapa wengi hukosea. Chambo huvikwa kwenye ndoana yenye kichwa cha risasi. Kanuni ni kutumia kichwa chepesi kuliko vyote vinavyoweza kukifikisha chambo chini. Kikiwa kizito mno hudondoka kama jiwe na kukwama mwambani. Kikiwa chepesi mno mkondo hukichukua kisiguse chini kamwe. Ndani ya mkono wa bahari, penye pima chache, gramu 10 hadi 20 huweza kutosha. Nje ya mwamba, gramu 40 hadi 60 au zaidi huhitajika. Siku za bamvua mkondo ni mkali na uzito huongezwa. Siku za maji mafu hupunguzwa. Kwa hiyo karatasi ya maombi inayotaja rangi pasipo kutaja uzito wa vichwa imeandikwa na mtu ambaye bado hajakivulia chambo hicho.

Kukivika kunahitaji uangalifu. Laza ndoana kando ya chambo, utie alama mahali ncha itakapotokea, kisha ichome ncha katikati ya pua na kuipitisha katikati ya mwili mpaka itokeze mgongoni kwenye alama ile. Chambo kikae kimenyooka. Kikipinda hata kidogo kitazunguka majini badala ya kuogelea, nao mshipi utajisokota wote. Mimi mwenyewe, mara ya kwanza, nilivika kwa haraka kwa kuwa wenzangu walikwisha tia nanga, na asubuhi nzima ikapita nikifumua nailoni huku wao wakitoa changu kwa vipande vya ngisi.

Mvuvi wa mshipi wa mkono hahitaji fimbo. Ateremshe chambo mpaka mshipi ulegee, ndiyo dalili ya kufika chini. Anyanyue mkono kwa kadiri ya dhiraa moja, kisha akiache kishuke huku mshipi ukiwa umenyooka kidogo. Mara nyingi samaki hushika kinaposhuka, na anayeulegeza mshipi kabisa hatambui. Akihisi mguso avute papo hapo. Ngisi halisi samaki humtafuna na kurudi. Plastiki akishaionja huitema. Wapo wanaochomeka kipande chembamba cha ngisi kwenye ncha ya ndoana ili kuongeza harufu, na hilo si kosa.

Sasa hesabu. Bei tutakazotaja ni za mfano tu. Mvuvi hununua ngisi wa chambo kwa shilingi 6,000 kwa siku. Akitumia plastiki, tuseme anapoteza vipande 3 vya shilingi 1,500 na vichwa 2 vya shilingi 2,000. Jumla ni shilingi 8,500. Gharama imezidi kwa shilingi 2,500. Iwapo samaki huuzwa shilingi 6,000 kwa kilo pale mwaloni, itambidi apate karibu nusu kilo zaidi kila siku ili asiwe na hasara. Penye mwamba wenye matawi mengi, ambapo vichwa hukwama ovyo, huenda asiipate. Siku ambazo ngisi hapatikani, na mvuvi hulazimika kukaa pwani, hesabu hugeuka na plastiki humwokoa. Chambo hiki basi ni akiba ya kukaa chomboni pamoja na ngisi, na si cha kuchukua nafasi yake.

Wazee wa Nachingwea hawahitaji kuelezwa gharama ya zana isiyojaribiwa. Mwaka 1947, kabla ya Creme kumimina mnyoo wake wa kwanza, mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni ulianza katika nchi yetu na katika Kongwa na Urambo. Matrekta na hata reli viliingia kabla ya udongo na mvua kupimwa ipasavyo, na mwaka 1951 mpango ukaachwa.

Kwa hiyo kamati ikiletewa maombi ya paketi 200, iidhinishe 10 kwanza, na vichwa vya uzito wa aina tatu. Wapewe wavuvi wawili wanaovua mahali pamoja, mmoja kwa plastiki na mwingine kwa ngisi, wabadilishane kila siku ya pili, kwa muda wa bamvua mbili na maji mafu mawili. Daftari liwe na tarehe, hali ya maji, uzito wa kichwa, kilo za kila aina ya samaki, na idadi ya vilivyopotea. Leseni za uvuvi na za chombo zikaguliwe siku hiyo hiyo.

Jambo hili linamhusu pia mlaji wa huku bara. Samaki wa ndoana hutoka mzima na, akiwekwa barafu mapema, huweza kusafiri. Samaki wa baruti, ambayo ilikatazwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 na tena na ile ya mwaka 2003, huwa nyama imelegea na mara nyingi mifupa ya mgongo imevunjika, na huoza njiani.

Vipande vilivyokatika visitupwe baharini, maana samaki huvimeza na havisagiki tumboni. Virudishwe pwani katika kopo, na idadi yake ilinganishwe na daftari. Paketi ambazo hazijafunguliwa zitunzwe kivulini, kila aina katika mfuko wake wa awali, kwa sababu aina mbili za plastiki zikigusana huweza kuyeyushana zikawa bonge moja. Zisiwekwe kwenye rafu ya juu ghalani, chini ya bati.