Mtu Asiyeshika Sindano Hospitalini

Wiki hii, msomaji, tuangalie kazi ya mtu ambaye wagonjwa wengi hupita mlangoni pake bila kujua anafanya nini: afisa wa ustawi wa jamii. Nimechochewa na barua ya binti Mkenya anayesomea kazi hiyo nchini Kanada. Anatumaini kwamba akihitimu atasaidia kuboresha matibabu ya wenyeji asilia wa huko, yaani Mataifa ya Kwanza, Wainuit na Wametis. Anauliza kama tumaini hilo lina maana, ilhali yeye si daktari wala muuguzi.

Lina maana kubwa. Chukua kisa cha mtoto Jordan River Anderson, wa jamii ya Wakri wa Norway House, katika mkoa wa Manitoba. Alizaliwa mwaka 1999 akiwa na ugonjwa adimu, akalazwa hospitalini Winnipeg, mbali na kwao. Alipofikia umri wa miaka miwili, madaktari walisema anaweza kutoka, atunzwe katika nyumba ya walezi. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kwa kuwa alikuwa mtoto wa Mataifa ya Kwanza, serikali kuu na serikali ya mkoa zilibishana nani atalipia matunzo hayo. Ubishi ukachukua zaidi ya miaka miwili. Jordan alifariki hospitalini mwaka 2005, akiwa na miaka mitano, bila kuwahi kuishi katika nyumba ya familia.

Dawa hazikukosekana, wala madaktari. Kilichokosekana ni saini. Desemba 2007, bunge la Kanada liliunga mkono Kanuni ya Jordan: mtoto ahudumiwe kwanza, wakubwa wagombanie malipo baadaye. Hata hivyo, kupitisha kanuni ni jambo moja na kuitekeleza ni jingine. Mwaka uo huo shirika linaloongozwa na Cindy Blackstock, mwanamke wa kabila la Gitxsan, lilishirikiana na baraza la machifu wa Mataifa ya Kwanza kuishtaki serikali kuu. Mwaka 2016 mahakama ya haki za binadamu iliamua kwamba watoto hao walibaguliwa. Na Bi Blackstock ni nani kwa taaluma? Ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii.

Lakini binti huyu asidhani atapokewa kwa vigelegele. Kwa familia nyingi za wenyeji asilia, afisa wa ustawi wa jamii ni yule aliyekuja na gari kuchukua watoto. Katika miaka ya 1960 na baadaye, maelfu ya watoto waliondolewa makwao na kupewa familia nyingine, nyingi zikiwa za Wazungu. Kabla ya hapo, zaidi ya watoto 150,000 walipitia shule za bweni zilizokusudiwa kuwasahaulisha lugha na mila zao. Hospitali nazo zina historia yake. Mnamo 1956, karibu Mwinuit mmoja kati ya saba alikuwa akitibiwa kifua kikuu kusini mwa nchi, na baadhi ya waliofia huko walizikwa bila jamaa kuambiwa wapi. Mgonjwa wa namna hiyo akichelewa kuja hospitalini, daktari huandika kwamba ni mkaidi. Mimi naona ana kumbukumbu.

Kudhaniwa vibaya kunaua pia. Septemba 2008, Brian Sinclair, mwenyeji asilia mwenye miaka 45, alifika kwa kiti cha magurudumu katika idara ya dharura ya hospitali kubwa ya Winnipeg. Mpira wake wa mkojo ulikuwa umeziba. Alisubiri saa 34 bila kuhudumiwa, akafa kwa maambukizo ya kibofu ambayo yangeweza kutibika. Uchunguzi ulisikia kwamba baadhi ya wafanyakazi walidhani amelewa au hana makao.

Palipo na mafanikio, wenyeji wenyewe wameshika usukani. Wanawake wengi wa vijiji vya mbali kaskazini hupelekwa kwa ndege kujifungulia mijini, majuma kadhaa kabla ya siku zao, mbali na mume na watoto. Lakini huko Puvirnituq, kaskazini mwa Quebec, Wainuit walianzisha kituo cha uzazi mwaka 1986, wakawafundisha mabinti zao ukunga. Akina mama huzalia karibu na kwao, wakihudumiwa kwa lugha yao.

Kwa hiyo binti aanze na maswali madogo. Nani atamhudumia mgonjwa nyumbani? Maji safi yapo? Nauli ya kurudi kliniki italipwa na nani, na fomu iko mezani kwa nani? Anataka mkalimani, au mzee wa jamii yake awe karibu? Majibu yaandikwe katika faili, mahali daktari atakapoyaona kabla ya kumruhusu mgonjwa aende.